Uzamivu wa lugha za programu una malipo, vijana waambiwe

Mhariri,

Wahitimu wetu wengi wa kompyuta huamini uzamivu ni wa wenye fedha. Katika utafiti wa lugha za programu, yaani lugha za kuandikia programu za kompyuta, sivyo, na inaniuma kwamba hawaambiwi. Uholanzi, mtafiti wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: mkataba wa miaka 4, mshahara, likizo. Ujerumani, Taasisi ya Max Planck ya Mifumo ya Programu, iliyoko Saarbrücken na Kaiserslautern, nayo hugharamia wanafunzi wake wa uzamivu. Huko ndiko Ralf Jung alikofanyia utafiti wa tasnifu yake ya 2020, akithibitisha kwa hisabati kwamba misingi ya lugha ya Rust inalinda memori ya kompyuta. Kazi nzito, na alilipwa kuifanya!

Anayeomba asome kwa kina makala ya profesa anayemtaka, kisha amwandikie swali la maana kuhusu makala hiyo. Kompaila ndogo (programu inayotafsiri lugha ya programu iwe lugha ya mashine) aliyoiandika mwenyewe itamsemea vizuri pia. Tatizo ni kwamba vyuo vyetu vingi hupitia kompaila na mantiki juu juu tu. Naomba wakuu wa idara wayape masomo hayo muda wa kutosha, na matangazo ya nafasi hizi yabandikwe wanafunzi wayaone.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro