Kwa Chelagat, kuhusu Kibet

Winchester, Uingereza, Jumapili jioni

Chela wangu,

Salamu nyingi, kwako na kwa mama. Osoro pia msalimie, ila umkumbushe deni langu. Mimi mzima, ni baridi tu na zamu za usiku. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwa basi, na tangu hapo sina raha. Ulisema ya karo, ukasema ya mvua, halafu ukapitia juu juu kwamba Kibet na wenzake "wanapanga kitu" juu ya zile mashine za kuchuma chai. Kitu gani, Chela? Hata ile Mei 2023 mashine zilipochomwa huko Kericho, ilianza hivyo hivyo.

Simlaumu. Mama amewasomesha nyote kwa kikapu mgongoni, leo mashine inapita inavuna kazi ya watu wengi kwa siku moja. Lakini kuna jumba la mawe hapa mjini ambalo nalipita nikienda kazini, watalii hujaa humo kupiga picha meza ya duara iliyotundikwa ukutani. Humo ndimo, Desemba 1830, mahakama maalum iliketi kuwahukumu vibarua wa mashamba kwa kuvunja mashine za kupura ngano.

Hao hawakuwa wahuni. Mavuno yakiisha, kazi ya kuwavusha majira ya baridi ilikuwa ni kupura ngano ghalani kwa fimbo, mwezi baada ya mwezi. Ikaja mashine ya kuzungushwa na farasi, mtu akabaki anaomba posho ya maskini ya parokia. Agosti ile wakaanza kuzivunja kule Kent, na kufika Novemba kusini yote ilikuwa imechafuka. Matajiri wakawa wanaletewa barua za vitisho zenye sahihi ya "Captain Swing", bwana ambaye hakuwahi kuzaliwa! Kibet angempenda huyo.

Kuna mmoja, Joseph Mason wa kijiji cha Bullington, hapa karibu. Kabla ya fujo alitembea kwa miguu mpaka Brighton, karibu kilomita 100, kumpelekea mfalme ombi la wanakijiji. Hakupokelewa, akaambiwa alipitishe kwa waziri. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe alikuwa ndani ya merikebu Eleanor, mfungwa, anapelekwa New South Wales, Australia. Na Henry Cook, miaka 19, alimpiga nyundo bwana mmoja wa ukoo wa mabenki. Bwana akapona, Cook akanyongwa hapa hapa Januari 1831.

Nchi nzima walinyongwa 19. Waliosafirishwa ng'ambo walikaribia 480. Merikebu nyingine, Eliza na Proteus, ziliwashusha Van Diemen's Land, ndiyo Tasmania ya leo. Karibu miezi minne baharini! Wengi walipewa miaka saba. Saba! Msamaha ulianza kuja katikati ya miaka ya 1830, lakini nauli ya kurudi nani angetoa? Mason alirudi. Wengi hawakurudi, na wake zao sijui nani alikuwa akiwaambia chochote. Hilo la wake ndilo linaninyima usingizi, maana Kibet ana Joy na yule mtoto.

Sitakuficha, kuna upande ambao Kibet angeupenda: sehemu nyingi wakulima waliogopa kuzirudisha zile mashine kwa miaka. Kwa hiyo akikwambia kuvunja kunasaidia, hana uongo kabisa. Ila waliosaidika ni waliobaki nyumbani. Mvunjaji mwenyewe alikuwa Tasmania akichunga kondoo wa mtu mwingine.

Sasa nijibu, na usinipitishie juu juu tena. Kibet bado ana kazi, au ameshaachishwa? Ni yeye anayeongoza, au anafuata yule kijana wa kwa Mama Tito? Chama cha wafanyakazi kinasema nini, au kimelala? Mzee wa kijiji anajua? Joy je, anajua? Akikubali kuongea nami, anipigie Jumatano, sina zamu.

Nimetuma kitu kidogo kwa simu. Ni cha karo, Chela, si cha petroli.

Wako,
Naliaka