Usiongeze chumvi tena

Morogoro,
Jumatano usiku

Mpendwa shoga yangu Mama Zawadi,

Salamu nyingi. Watoto hawajambo? Mama mkubwa anaendeleaje na miguu? Huku sote wazima, mvua imekata, mahindi yanakauka vizuri.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Uliposema unakwenda kwenye kikoba, kile kikundi chenu cha kuweka na kukopa, Jumapili kukopa laki tatu ili utengeneze lita 200 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa ajili ya ile shule, usingizi uliniruka. Naandika kwenye karatasi kwa sababu vipimo kwenye simu vinapotea, na hii nataka uibandike ukutani pale unapokorogea. Shemeji anakuja huko Jumamosi, nimempa bahasha pamoja na karatasi za kupimia pH, yaani kama sabuni imeelemea kwenye asidi au kwenye soda. Tafadhali, usichukue mkopo kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza, zile lita 20 ulizokoroga hazikuharibika kwa sababu ulikoroga pande zote mbili. Hilo la kukoroga upande mmoja wanalisema kila semina, lakini sabuni haijui kulia wala kushoto. Kinachotakiwa ni kukoroga taratibu ili povu lisijae. Kilichokuponza ni chumvi. Umesema ilikuwa nyepesi ukaweka nusu kilo, ikawa nzito kidogo, ukaongeza nusu nyingine, ikawa maji kabisa na rangi ya ukungu. Ndivyo chumvi inavyofanya: inaipandisha sabuni uzito mpaka kileleni, ukivuka hapo inaishusha, na kila kijiko unachoongeza kinazidi kuishusha. Halafu wewe unatumia maji ya kisima, na hapo Kigamboni kwenu maji hayo ukiyaonja tu unajua. Yaani ulishaanza kutia chumvi kabla hujafungua pakiti! Ndiyo maana vipimo vya huku Morogoro vinakukataa huko.

Kabla ya kuongeza chochote siku nyingine, chukua vikombe viwili, kila kimoja tia sabuni nusu. Kimoja ongeza kijiko cha maji safi, kingine kijiko cha maji ya chumvi. Koroga, subiri dakika kumi. Kikizidi uzito kile cha maji safi, umeshavuka kilele, weka chumvi mbali. Kikizidi kile cha chumvi, bado una nafasi. Fanya mchana kukiwa na joto, maana sabuni ya aina hii asubuhi yenye ubaridi inadanganya, ni nzito, ikifika saa nane mchana dukani inakuwa uji mwepesi.

Zile lita 20 usizimwage. Tengeneza lita 20 nyingine bila chumvi hata chembe, kisha changanya kidogo kidogo, jagi kwa jagi, ukipima kwenye kikombe. Chumvi iliyozidi kule itaizitisha hii mpya.

Sasa vipimo vyenyewe. Kwa lita 20: salfoniki lita 1, slesi (ule uji mzito wa kutoa povu) kilo 1, soda ashi gramu 180, CDE (ya kuzitisha sabuni na kuongeza povu) robo lita, na chumvi nusu kilo iliyoyeyushwa kwenye lita moja na nusu ya maji safi, ambayo hutaimaliza yote. Hiyo soda ashi ipime kwa mizani. Robo kilo uliyoandikiwa kwenye semina inazidi, na nadhani ndiyo sababu mama lishe anasema mikono inamwasha na kuchubuka. Salfoniki ni asidi, soda inaizima. Ikibaki soda ya ziada, ngozi ya mteja ndiyo inayolipa.

Tumia ndoo ya plastiki ya lita 40 au zaidi. Usitumie sufuria ya alumini, inaliwa. Yeyusha soda kwenye lita 3 za maji kwanza, acha ipoe, ndipo umimine salfoniki polepole huku ukikoroga kwa mwiko wa mti. Itachemka povu na kupanda kwa kasi, ni hewa inatoka, na ndiyo maana ndoo iwe kubwa. Vaa glavu, fanyia uani, watoto wawe mbali; ikikurukia osha kwa maji mengi hapo hapo. Povu likitulia, chukua slesi uliyokwisha kuikoroga na CDE pembeni, itie humo, halafu ongeza maji lita moja moja. Ukimwaga maji yote kwa pamoja slesi inajifunga mabonge yasiyoyeyuka hadi kesho yake. Ishia kwenye lita 18, acha ilale usiku kucha bila kufunikwa kwa nguvu, weka kitambaa tu. Ukijaza kwenye chupa siku hiyo hiyo, hewa iliyobaki inazivimbisha, na pH unayosoma siyo ya kweli.

Asubuhi chovya karatasi. Ukiona 7 hadi 8, endelea. Ikiwa 9 au 10, yeyusha kijiko cha salfoniki kwenye kikombe cha maji, uongeze kidogo. Ikiwa chini ya 6, ongeza maji ya soda kidogo. Baada ya hapo weka rangi na manukato, na chumvi iwe ya mwisho kabisa, maana manukato mengine yanaishusha sabuni uzito. Kikombe kimoja cha maji ya chumvi, koroga, subiri, tazama. Ikifika unapopataka, acha, hata kama nusu ya maji ya chumvi imebaki. Kilichobaki cha kufikisha lita 20 ongeza kwa maji safi kwa uangalifu. Tafadhali, rudia na mimi: chumvi ni ya mwisho, na ni kidogo kidogo.

Maji tumia ya bomba au ya mvua, yachemshe na yapoe. Hii ndiyo dawa ya ile harufu ya yai viza baada ya wiki tatu: ni bakteria wa maji na ndoo chafu. Na ile formalini uliyoambiwa uweke, achana nayo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na wewe unaikorogea jikoni mnapolala. Tengeneza kiasi kinachouzika ndani ya wiki tatu, nne.

Tuje kwenye hela. Uliniandikia malighafi 15,500 kwa lita 20, chupa 300 kila moja, lebo 100, na nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi, pantoni ndani, 4,000. Basi chupa 20 ni 6,000, lebo 2,000, jumla yote 27,500. Unauza 1,500 chupa ya lita, unapata 30,000. Faida 2,500 kwa kazi ya siku mbili, na chupa mbili tu zikikopwa bila kulipwa imekwisha, nawe una nane mtaani. Kinachokula faida ni chupa na nauli. Wanaokufahamu waambie waje na chombo chao safi, uwajazie kwa 1,200: wao wameokoa 300, wewe lita 20 zinakuachia 4,500. Na ukienda Kariakoo nunua malighafi za ndoo tatu kwa safari moja, nauli inagawanyika. Salfoniki ikae kwenye dumu lake lenye kifuniko kisichovuja, wima, kwenye pantoni usiliweke miguuni mwa watu.

Nilichokuonya tangu mwanzo nakirudia: usijaze kwenye chupa za maji ya kunywa wala za soda. Ukitia rangi ya kijani na manukato ya ndimu, mtoto wa jirani ataona juisi. Nunua chupa za sabuni hata kama ni ghali zaidi, au dumu la lita 5 kwa mama lishe. Lebo iseme ni sabuni ya vyombo, ujazo, tarehe, namba yako, na neno USINYWE kwa herufi kubwa.

Sasa shule. Lita 200 ni ndoo kumi, malighafi peke yake 155,000, na madumu juu yake. Kama shule inalipa mwisho wa muhula na kikoba kinataka marejesho kila mwezi na riba ya asilimia 10, hela ya marejesho itatoka wapi? Kwenye chakula cha watoto? Mwambie bwana stoo uanze na lita 40, alipe, ndipo upeleke nyingine. Ukienda hivyo hata mkopo huuhitaji. Na wakikuuliza alama ya ubora ya TBS, lile Shirika la Viwango, ambayo shule na maduka makubwa wanaiuliza, anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, wale wa viwanda vidogo, wana mafunzo na wanajua njia ya mjasiriamali mdogo kuifikia TBS. Nenda na sampuli nzuri, siyo hii ya ukungu.

Nilitaka pia kukwambia habari za sabuni ya mche na yule fundi wa vibao, lakini taa inafifia, nitaandika siku nyingine.

Nijibu upesi. Kikombe kipi kilizidi uzito, cha maji au cha chumvi? Karatasi imesoma ngapi? Hiyo mizani ya mama mkubwa ya kupimia ngano bado inafanya kazi, au nikutumie? Shule wamekupa karatasi yoyote iliyosainiwa, au ni maneno ya mdomo tu? Mwenyekiti wa kikoba umeshamwambia? Kama umeshamwambia, unaweza kuahirisha hadi mwezi ujao? Na mikono ya mama lishe, imepona?

Wako akupendaye,
Mama Ilham