Kuhusu kocha Stevens (Julai 2013)
Ndugu zangu, jumbe zenu za tangu jana kuhusu kuondoka kwa kocha wetu wa mpira wa kikapu nimezisoma zote. Ni kweli, Brad Stevens anaondoka chuo chetu cha Butler kwenda kuinoa Boston Celtics, timu ya ligi ya kulipwa ya NBA. Inauma sana, lakini humu asiitwe msaliti. Chuo chetu kidogo amekifikisha fainali ya NCAA, mashindano ya vyuo vya Marekani, mara mbili mfululizo, 2010 na 2011. Mnakumbuka ule mpira wa mwisho wa mchezaji wetu Hayward kutoka katikati ya uwanja, fainali ya 2010 dhidi ya chuo cha Duke? Uligonga ubao, ukagonga ringi, ukatoka. Duke wakashinda 61-59. Baada ya hapo vyuo vikubwa vilimtaka, yeye akabaki nasi. Ana miaka 36, aende. Mwenye neno la shukrani anitumie faraghani kufikia Jumapili, nitayachapisha yote na kuyapeleka Hinkle, ukumbi wetu wa michezo. Matusi nitayafuta.