Hesabu ya mavuno isiishie Julai

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba wakulima wa Babati hatutaondokana na umaskini mpaka tuache kuchanganya mahindi na mbaazi. Anatushauri tupande mahindi matupu kwa mistari iliyonyooka, tuweke mbolea ya ruzuku, tujaze magunia. Mistari hata sisi tunayo. Nalima Galapo, shamba la mteremkoni ambalo marehemu baba alililima kwa plau ya ng'ombe, na ninachobishana na ndugu huyu ni hesabu zake tu.

Anayepita kwangu mwezi wa saba kupima mavuno atakuta mahindi yameshakatwa na katikati ya mistari imebaki miti ya mbaazi inayoanza kuchanua. Atauliza nimepata magunia mangapi ya mahindi, atagawanya kwa ekari, ataniandika mkulima dhaifu, kisha atapanda pikipiki aende zake. Mbaazi nazivuna Septemba, mwaka mwingine hadi Oktoba. Wakati huo yeye hayupo, na gunia la mbaazi haliingii popote kwenye daftari lake, sembuse kuni za miti yake ambazo mama watoto anapikia miezi kadhaa.

Mbaazi hizi za muda mrefu hukua polepole sana mwanzoni. Miezi miwili mitatu ya kwanza ni kama hazipo; mahindi yanajilia jua na mvua bila mshindani. Yakianza kukauka ndipo zinapotanuka, na kwa kuwa mvua imeshakatika, zinaishi kwa unyevu wa chini ambao mzizi wa mahindi haukuufikia. Plau ikipita kina kilekile miaka nenda rudi, udongo ulio chini yake hugandamana, maji yakashindwa kushuka. Mzizi wa mbaazi unapenya hapo. Ukioza unaacha tundu, na mvua ya msimu ujao inazama humo badala ya kuteremka bondeni na udongo wetu.

Mwenye shaka achimbe mche mmoja kabla haujachanua. Achimbe kwa jembe, asiuvute, maana ukiuvuta vinundu vya mizizini vinabaki ardhini. Akung'ute udongo taratibu, achukue kinundu kimoja akipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wamo kazini wanavuna naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mmea. Kikiwa cha kijani au kijivu, hapo hamna kitu. Naitrojeni hiyo hurudi ardhini kwa mizizi na kwa majani, ambayo mbaazi huyapukutisha kwa wingi hata usione udongo chini ya miti. Bwana shamba mmoja aliniongezea jambo ambalo sikulijua: mwaka 1990 watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makame, kule India walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayofungua fosforasi, chakula kingine cha mmea, iliyong'ang'aniwa na chuma kwenye udongo mwekundu. Udongo wangu ni huohuo mwekundu.

Sisemi tuache mbolea. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 imetusaidia, na mimi ni mmoja wa waliojiandikisha. Lakini mbolea ya dukani ukiimwaga kwenye udongo uliochakaa, usio na mboji, nyingi inaondoka na maji.

Wala si kila mchanganyiko unafaa. Kuna wanaomwaga maharage ovyo katikati ya mahindi yaliyobanana, wakakosa yote mawili. Na maharage yenyewe ni mvivu wa kutengeneza naitrojeni, tena tukiyang'oa na mizizi tunaondoka hata na hicho kidogo. Mbaazi nazo zina mnyauko, ugonjwa unaokaa ardhini miaka, kwa hiyo lazima uhamishe sehemu au upande mbegu inayouhimili, kama ile inayoitwa Mali.

Kwa nini basi wengi wameziacha? Udongo hauhusiki hapo, ni soko. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi za kuingiza, na bei ikaporomoka hadi kuna watu waliona heri ziozee shambani kuliko kulipa vibarua wa kuvuna. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa tena, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waliobaki na mahindi matupu siwalaumu.

Shida ni kwamba uamuzi wao unatufikia na sisi. Mahindi yakishavunwa, shamba hufunguliwa mifugo ile mabua. Jirani wa mahindi matupu anafungua Julai, mbaazi zangu ziko kwenye maua, na ng'ombe hajui mpaka. Zamani karibu kila mtu alikuwa na mbaazi, hivyo wote tulingoja. Sasa anayengoja ni mmoja kati ya wengi, na usiku anakesha shambani na rungu. Nawajua watu walioacha mbaazi kwa sababu hiyo tu, bei ikiwa nzuri kabisa.

Kwa hiyo, pamoja na kuwaomba wanaopima mavuno waje mara mbili kwa mwaka, naiomba Halmashauri na serikali za vijiji zitunge sheria ndogo ya kuzuia mifugo kuingia mashambani mpaka mbaazi zivunwe. Tarehe itangazwe na kila kijiji kwenye mkutano mkuu, kwa kuwa wa bondeni na wa mlimani hatuvuni siku moja. Mwenye ng'ombe aruhusiwe kukata mabua kwa makubaliano na mwenye shamba, akalishie zizini. Na faini ikitozwa, nusu yake imfikie aliyeliwa mazao, si yote iishie ofisini.

Mkulima wa Galapo,
Babati, Manyara