Barua ya wazi kwa wanafunzi wanaomtafiti nguva, mnyama wa baharini

Wajukuu zangu,

Wiki iliyopita mlinikuta hapa kisiwani Mafia, ufukweni, nashona nyavu. Mlikuwa wanne, mna daftari na karatasi ya maswali, mkanisomea na insha yenu. Swali la kwanza lilikuwa: "Babu, nguva wamepungua, siyo?" Nikasema ndiyo, mkaandika ndiyo, mkaaga kwa adabu. Usiku ule sikupata usingizi. Sikuwadanganya, lakini mliondoka mikono mitupu na mimi ndiye niliyewaacha hivyo. Nawaandikia hadharani ili na wenzenu wa Rufiji, Kilwa, Tanga na Lamu wanaofanya kazi kama yenu wasome.

Swali lile lilibeba jibu lake. Mvuvi akiulizwa hivyo na mtoto wa shule atakubali tu, amridhishe mgeni. Muulizeni mara ya mwisho alimwona lini, sehemu gani, hai au mfu, na nani mwingine alikuwemo chomboni. Akisema mwaka haukumbuki, msimwache hapo. Muulizeni kama ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada yake, kabla ya mvua za El Nino za 1997 au baada, alikuwa ameshaoa au bado. Picha mwonyesheni bila kumtajia jina. Changanyeni ya nguva, ya pomboo, ya kasa, na moja ya mnyama asiyekuwepo kabisa katika bahari yetu. Akisema na huyo alimwona, ushahidi wake utieni alama.

Sasa pokeeni wangu, ambao ningewapa siku ile.

Ilikuwa kaskazi ya 1979, redio haina habari nyingine ila vita. Nilikuwa na miaka 17, baharia mdogo katika mashua ya mjomba. Jioni tulitega jarife, wavu wa macho makubwa, tukitafuta samaki aina ya papa na taa, alfajiri tukaenda kulitoa. Lilikuwa zito, tukafurahi. Aliyekuwemo ni nguva jike, ameshakufa. Nguva hana matamvua. Anavuta pumzi kama mimi na ninyi, na kila baada ya dakika chache sharti apande juu. Akinaswa chini, anakufa maji. Tulimvuta mchangani, mrefu kuliko mtu yeyote kijijini. Tulipomgeuza, pale kwapani, chini ya mapezi, chuchu zake zikatoka maziwa. Mama mmoja aliyekuja na sinia kuchukua fungu lake aliyatazama, akageuka, akarudi kwake na sinia tupu. Sisi wengine tuligawana. Nilikula. Mafuta yake tuliyatia chupani, ya kuchulia viungo vinavyouma. Mtoto wake hatukumwona, na sikumbuki kama kuna aliyemtafuta.

Tangu siku ile sijamwona nguva mwingine kwa karibu. Andikeni hivyo hivyo, pamoja na kwamba nilikula.

Nawaambia haya kwa sababu insha mliyonisomea inamwita mvuvi jangili. Mjomba hakutega nguva. Jarife halichagui kinachoingia, na aliyelitega usiku ule yuko nyumbani amelala. Mkianza kwa kumtukana, hatawaonyesha kitu, naye ndiye mwenye habari mnazozitaka.

Ila msinielewe kwamba namtetea. Fanyeni hesabu mwone. Nguva jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka mitatu hata saba kabla hajazaa tena. Wataalamu wamekokotoa kwamba hata pakiwa shwari, majani tele na nyavu hakuna, nguva hawaongezeki zaidi ya kama asilimia 5 kwa mwaka. Chukueni nguva 100. Mwaka mzuri watazidi watano. Nyavu za mwambao mzima zikinasa sita tu, wameanza kwisha. Na hao sita ni mmoja huku, mmoja kule. Kijiji kinaweza kukaa miaka kisipate hata mmoja. Kila kijiji kinaona kilipata riziki ya bahati, mara moja. Hakuna anayejiona amewamaliza. Hivi ndivyo tulivyowamaliza, na hilo ndilo ningependa liwe moyo wa kazi yenu.

Mwaka 1967, mimi mtoto wa miaka mitano, kundi la nguva 500 lilionekana pwani ya kusini ya Kenya. Kundi moja. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Wakubwa wenye uwezo wa kuzaa wanakadiriwa hawafiki 250 mwambao wote, na kundi la maana lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji.

Mkija kumtetea kijijini, msianze na nguva, anzeni na samaki wao, tasi. Nguva anakula majani ya bahari, na majani hayo hayo ndiyo malisho ya tasi na malezi ya kamba wadogo. Kokoro, ule wavu wa kukokota, likiburutwa juu yake linayang'oa. Mwenye madema, mitego ya samaki, anajua tasi wake walikuwa wakubwa kiasi gani zamani. Huyo hahitaji kufundishwa, anahitaji kuulizwa.

Halafu semeni la jarife bila kuficha. Sheria ya kumlinda nguva ipo, na Hifadhi ya Bahari hapa kwetu ipo tangu 1995, lakini saa nane za usiku sheria haimo chomboni. Mvuvi akimkuta nguva yu hai wavuni, ana mawili: akate wavu apate hasara, au angoje kidogo. Mimi ningeomba jambo moja, nanyi mnaweza kuliandika kwa wakubwa kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: anayekata wavu kumwokoa nguva alipwe wavu wake, upesi, na asiulizwe kama mshitakiwa. Na pale kwenye majani ambako nguva bado wanapita, jarife liondolewe kwa kubadilishana na zana nyingine ya kuvulia. Kumwambia mtu aache bila kumpa cha kushika, hapana.

Bamvua ikifika, maji yakishatoka, tembeeni majanini na mzazi mmoja anayejua mikondo. Nguva anapokula huacha mtaro, majani yameng'olewa na mizizi yake, mchanga unaonekana. Mkiuona mtaro mpya, wekeni rula pembeni, pigeni picha, andikeni tarehe.

Na msichelewe kwa mzee aliyekuwa nahodha wetu siku ile ya 1979. Anakaribia miaka 90. Macho hayaoni tena, lakini anaijua kila sehemu ambako nguva walikuwa wakitokea, na alama zake za nchi kavu, na hakuna aliyewahi kuziandika. Nendeni baada ya sala ya alasiri, wakati anapokaa barazani. Sikio la kulia halisikii, kaeni upande wa kushoto. Nimeshamwambia mnakuja.

Babu yenu