Kabla Hujaita Boti: barua kwa mwanangu, daktari wa Songo Songo

Kilwa Masoko

Mwanangu Somoe,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, hatujambo. Umefika kisiwani Songo Songo na vyeti vyako, na kazi ya wodini unaijua kuliko nitakavyoweza kukuandikia. Mimi nakuandikia yale ambayo wodi ya mjini haikukudai, kwa sababu huko ukimaliza kuamua, mgonjwa alisukumwa kwa kitanda mpaka chumba cha upasuaji. Hapo katikati kuna bahari, na bahari ina saa zake.

Kwanza bandika ukutani kalenda ya mwezi, karibu na orodha ya zamu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Saa hizo husogea kama dakika 50 kila siku, hata ukifika mwezi wa nusu, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: maji yanajaa kuelekea saa nne, na hayapwi sana. Sasa fikiri. Saa nne asubuhi ya bamvua ndiyo saa ambayo watu wako mwambani na vijiti vyao wakitafuta pweza, ndiyo saa ya kuchomwa na samaki aitwaye taa na kukatwa na matumbawe. Saa hiyo hiyo boti imekaa juu ya mchanga, na kule Kivinje, ng'ambo ya bara, tope limetandaa hadi mbali, hata ukivuka hupati pa kumshushia mgonjwa ila kwa kumbeba. Kwa hiyo siku ya bamvua una nafasi mbili za mchana: aondoke alfajiri, au ahesabiwe kufika maji ya jioni. Akizikosa zote mbili, utakaa naye, na matibabu yako yapange ukijua hivyo.

Upepo nao uhesabu. Kusi likikolea, Juni mpaka Agosti, bahari huwa na nafuu alfajiri, na jua likipanda upepo unapanda nalo. Mgonjwa ambaye saa kumi na moja alfajiri bado unasema "tumwangalie kidogo", saa tano hakuna nahodha mwenye akili atakayempakia. Wakati huo shuku nusu nusu inatosha kuamua rufaa. Kaskazi lina siku zake mbaya pia. Maleleji, upepo unapobadilika kati ya kusi na kaskazi, ndiyo msimu wa kupumua.

Fungua daftari la safari. Kila rufaa andika saa ulipoamua, saa nahodha alipopatikana, saa mafuta yalipopatikana, saa boti iling'oa nanga, saa mgonjwa alipofika mezani Hospitali ya Kinyonga, ile ya wilaya kule Kivinje. Utaona kwamba safari ya majini yenyewe mara nyingi si ndefu kama kutafuta petroli. Dumu moja la lita 20 lililofungiwa kituoni, likitunzwa na mwenyekiti wa kijiji kwa maandishi, linaokoa muda kuliko mashine kubwa zaidi. Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga mapema 115, namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wazazi na watoto wachanga, hata kama boti unayo, ili gari liwe limeshafika ufukweni upande wa pili.

Uzazi ndio utakaokuamsha usiku zaidi, kwa hiyo nitakawia hapo.

Kazi kubwa inafanyika kliniki, wala si leba. Mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, mwenye presha, mwenye damu chini ya gramu 7 kwa desilita, aliyewahi kutokwa damu nyingi uzazi uliopita: hawa wavuke bara wiki ya 36 au 37 wakangojee huko, kwa ndugu au popote karibu na hospitali. Usimwambie mama peke yake. Mwite mume, na mama mkwe kama yupo, useme nauli ni kiasi gani, atalala kwa nani, watoto wengine atabaki nao nani. Mama anayekataa kuvuka mara nyingi hajakataa ushauri wako. Hajapata mtu wa kumwachia watoto, na hilo lina dawa ukiliuliza.

Akijifungua hapo, mpe oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya kuhakikisha hakuna mtoto wa pili. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8. Jokofu la kisiwani likizimika usiku na kuwaka mchana, ampuli itabaki na rangi ile ile na nguvu imekwisha, nawe utadhani kizazi ndicho kigumu. Angalia joto la jokofu asubuhi na jioni, uliandike. Weka na misoprostoli, inayokaza kizazi pia, maana haihitaji baridi, lakini unyevu huiua: vidonge vikae kwenye foili yake mpaka dakika ya kutumia, usivimwage kwenye kopo kama panadoli.

Damu pimia kwenye chombo chenye alama chini ya makalio, usikisie kwa kuangalia kanga. Ikifika mililita 500, au 300 huku mapigo yanapanda na presha inashuka, anza vyote kwa pamoja. Mmoja asugue kizazi. Mwingine aweke kanula mbili kubwa, ya kijivu au ya kijani, atundike oksitosini yuniti 20 kwenye lita moja, matone 60 kwa dakika. Asidi ya traneksamiki, ya kusaidia damu igande, gramu 1 mshipani kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na nyingine baada ya dakika 30 damu ikiendelea. Baada ya saa 3 usimpe. Toa mkojo kwa mpira, kwa sababu kibofu kilichojaa hakiachii kizazi kikaze. Kagua kondo lote limetoka, kisha angalia michaniko kwa taa nzuri. Kama oksitosini huiamini, misoprostoli vidonge 4 vya mikrogramu 200 chini ya ulimi. Bado inatoka? Kondomu iliyofungwa kwa uzi kwenye mpira wa mkojo, iingizwe kizazini na kujazwa maji ya dripu mililita 300 hadi 500. Na mtu atumwe kwa nahodha tangu ile hatua ya kwanza. Damu ikikata, utamwomba radhi nahodha, atakusamehe.

Botini ngumi yako ndiyo chombo cha mwisho: ikandamize juu ya kitovu, kushoto kidogo, mpaka mapigo ya kinena yapotee. Mshirikishe mkunga mkipokezana, mkono huchoka upesi.

Kifafa cha mimba nakuandikia kwa sababu ya ampuli. Dawa yake, magnesiamu salfeti ya asilimia 50, mililita 10, ni gramu 5, lakini ziko ampuli ndogo za mililita 2 zenye gramu 1, na usiku wa taa hafifu watu huzihesabu vibaya. Soma kwa sauti, mwenzako akuitikie. Mililita 8 changanya na maji ya sindano mililita 12, upate gramu 4 za asilimia 20. Sukuma mshipani polepole, isipungue dakika 5. Kisha gramu 5 kila tako, ndani kabisa, na ganzi ya lidokaini ya asilimia 2 mililita 1 kila sindano. Ukimaliza hapo ndipo apakiwe, usimpakie kwanza. Ya kurudia ni gramu 5 kila baada ya saa 4, kama anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukilipiga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuzimua magnesiamu ikizidi, iwe mfukoni mwako, isibaki kabatini, maana pumzi ikizama mko katikati ya maji.

Sasa namna ya kumsafirisha. Usimlaze omoni, hapo ndipo boti inapopiga mawimbi. Mlaze kuelekea tezi, kwa ubavu wa kushoto kama ana mimba. Dripu ya kuning'iniza haishuki vizuri botini, mfuko ukandamize kwa mkono au uufunge kwa mkanda wa mashine ya presha. Plasta inabanduka kwa maji ya chumvi, kwa hiyo kanula izungushie bandeji. Turubai juu, blanketi chini, jaketi okozi kwa kila mtu pamoja na wewe. Karatasi ya rufaa itie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, nakala ibaki kituoni. Mtoto mchanga asafiri kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani.

Mtoto wa malaria kali mwenye degedege: pima sukari kabla ya yote. Vijiti vya kupimia vikiwa vimekwisha, mtibu kama aliyeshuka sukari: deksitrosi asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Ukiwa na asilimia 50 tu, sehemu moja kwa maji ya sindano sehemu nne. Artesuneti ya sindano ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa aliyefika hapo, saa 0, saa 12, saa 24. Chupa ya miligramu 60 iyeyushe kwa bikaboneti yake, ongeza maji ya chumvi mililita 5, utapata miligramu 10 kwa kila mililita. Tumia mara moja, haitunzwi. Akiweza kumeza, mmalizie dawa mseto siku 3 kamili, na dozi ziliwe na chakula chenye mafuta, nazi inafaa.

Wa mwambani. Mwiba wa taa au wa samaki wa sumu: maji ya moto nyuzi 40 hadi 45, dakika 30 hadi 90, kwa sababu sumu yake huharibiwa na joto. Moto wa maji upime kwa mguu wake usioumia, kwa kuwa ule unaouma hautatambua kuungua. Kipande cha mwiba kitoe, isipokuwa kimezama kifuani, tumboni au shingoni. Hicho kikae mpaka kwa mpasuaji. Jeraha la baharini usilishone likaziba, na sindano ya pepopunda usisahau.

Baruti za kuvulia samaki bado zinakata mikono pwani hii. Mtu ataletwa na hadithi kwamba jiko limelipuka. Funga kitambaa chenye upana wa sentimita 5 hadi 7 upande wa juu wa jeraha, kuelekea bega, zungusha kwa kijiti mpaka damu ikate, andika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu ya wino. Usilegeze njiani ili "damu ipite kidogo". Fomu ya polisi, PF3, itafuata. Ukianza na maswali ya polisi, anayefuata atafichwa nyumbani mpaka aoze.

Maji ya visima yanakolea chumvi, na hili linagusa dawa ya kuharisha. Pakiti moja ya ORS inataka lita 1 ya maji baridi yasiyo chumvi. Mama akiikoroga kwa maji ya kisima chenye chumvi, mtoto anapata chumvi mara mbili na kiu inazidi badala ya kupungua. Tenga tangi la maji ya mvua kwa ORS na kwa mashine ya kuchemshia vyombo. Maji ya kisima yakitumika humo, ukoko hujaa na valvu haifungi. Vyombo vyako nyuzi 121, dakika 30, vikauke kabisa kabla ya kufungwa, hewa hiyo hula chuma hata kabatini. Mashine ya presha yenye uso wa saa ilinganishe na nyingine kila mwezi. Chujio la mashine ya oksijeni lisafishwe kila wiki.

Siri sasa. Kijiji kizima kinaona nani ameingia mlango gani. Siku maalumu ya wanaotumia dawa za VVU ni tangazo, hata usipotamka neno. Wachanganye na wa presha na wa sukari, chumba kimoja, siku zote, na vidonge uvitoe kwenye kopo ambalo halitikisiki likatoa sauti njiani: tia pamba juu.

Wavuvi wakienda dago, kambi zao za uvuvi za mbali, hawarudi kwa tarehe ya kadi yako. Mwulize kila mmoja anakwenda wapi na msimu gani, umpe dawa za kutosha na barua ya kituo kilicho karibu na dago lake. Mwenye kikohozi cha wiki mbili usimwache apande chombo kabla hujachukua makohozi ya kupima kifua kikuu: kikopo kiandikwe jina ubavuni, wala si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishwa maabara. Kikae kwenye kasha la baridi, kisafirishwe kwa boti ya kwanza. Na namba ya simu uchukue ya nahodha wake, kwa kuwa yake mwenyewe huko dago haina chaji.

Mama yako