Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa: mwaka 2020 wa wasanii wetu uandikwe

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Nyaraka za Taifa,
Barabara ya Moi, Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa heshima, nikiwa mhariri wa vitabu na mkazi wa jiji hili, kuiomba ofisi yako ianzishe kitabu cha kumbukumbu cha kila mwaka kitakachoandika majina ya watu waliofanya kazi za filamu, televisheni, muziki na uchapishaji nchini Kenya, pamoja na kazi yenyewe aliyoifanya kila mmoja. Ningeweza kuielekeza barua hii kwa wizara inayosimamia uchumi wa ubunifu, na huenda wapo watakaosema hapo ndipo mahali pake. Lakini wizara hushughulika na sera, ruzuku na tamasha, na mawaziri huja na kuondoka. Ninachokiomba mimi ni kazi ya mtunza hati, na mtunza hati wa Jamhuri ni wewe.

Ninapendekeza kitabu cha kwanza kiwe cha mwaka 2020. Najua ni mwaka ambao wengi wangependa kuupita haraka. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini katikati ya Machi, shule zikafungwa, kumbi za sinema na za muziki zikanyamaza, na hadi leo ukimuuliza mtu ni nini kilichofanyika katika sanaa mwaka ule atakujibu kwamba hakukuwa na kitu. Jibu hilo si kweli, na kwa kuwa si kweli ndiyo maana nauchagua mwaka huo.

Mwezi wa Januari, kabla ya maradhi kutufikia, filamu ya hali halisi ya Sam Soko, *Softie*, inayomfuata mpigapicha na mwanaharakati Boniface Mwangi, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance nchini Marekani. Tuzo iliyopata huko ilikuwa ya uhariri, na Soko aliipokea pamoja na Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins. Nakuomba uitafakari tuzo hiyo kidogo, Mheshimiwa. Mhariri wa filamu ni mtu asiyeonekana. Hukaa mbele ya skrini kwa miezi na kuamua ni dakika zipi kati ya saa nyingi zilizopigwa zitabaki. Ilibidi majaji wa ng'ambo waketi ndipo majina ya wahariri wa filamu ya Kenya yatangazwe hadharani. Humu nchini sijui daftari lolote la umma ambamo mwanafunzi wa uhariri wa filamu anaweza kufungua ukurasa na kuona ni nani waliomtangulia katika fani yake.

Mwezi wa Juni kundi la Sauti Sol lilitoa albamu ya *Midnight Train* likiwa chini ya kampuni ya Universal Music. Mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha kwa Kiingereza utenzi wake wa *The Perfect Nine*, ambao aliutunga kwanza kwa Kigĩkũyũ kisha akaufasiri mwenyewe, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikaingia katika orodha ndefu ya Tuzo ya Kimataifa ya Booker. Idza Luhumyo, mwandishi kutoka Mombasa, alikuwa wa kwanza kupata tuzo ya Margaret Busby ya New Daughters of Africa, iliyompeleka London kusoma katika chuo cha SOAS. Wakati huo ni wachache waliolijua jina lake hapa Nairobi. Miaka miwili baadaye alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika. Ni kawaida ya kazi za sanaa kwamba mwaka muhimu katika maisha ya mtu hautambuliki kuwa muhimu mpaka upite, na kwa sababu hiyo kitabu ninachokiomba hakipaswi kungoja watu wapate umaarufu.

Mwaka ule pia ulituondolea watu, na hapa naomba nikae zaidi.

Ken Walibora alifariki tarehe 10 Aprili baada ya kugongwa na gari katika Barabara ya Landhies, na familia yake ilimtafuta kwa siku kadhaa kabla ya kumpata katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Kenyatta. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa *Siku Njema* ya 1996 na *Kidagaa Kimemwozea* ya 2012, riwaya iliyosomwa na vidato vizima vya shule za upili kama kitabu teule. Lakini mtu aliyekua akitazama habari jioni alimjua kwanza kwa sauti na uso, kwani alikuwa msomaji wa habari za Kiswahili katika NTV na baadaye akaongoza Kiswahili katika QTV. Wanafunzi wa vyuo walimjua kama mhadhiri, na wanunuzi wa *Taifa Leo* kama mwandishi wa safu. Tukiandika kumbukumbu zetu kwa kufuata sekta, Walibora atagawanyika vipande vinne katika mafaili manne, na hakuna hata kimoja kitakachosema yeye alikuwa nani. Naomba kwa hiyo kitabu kipangwe kwa majina ya watu, si kwa sekta. Maia Lekow naye ni mfano: ni mwanamuziki, na pia ndiye aliyetengeneza pamoja na Chris King filamu ya *The Letter*, ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar katika msimu huo. Bodi ya filamu itamwandika kama mwongozaji, chama cha wanamuziki kitamwandika kama mtunzi, na hakuna atakayeunganisha.

Kisa cha *Kidagaa* kina upande mwingine usioandikwa popote. Kitabu kinapoteuliwa shuleni, huzaliwa vikundi vya maigizo vinavyozunguka kaunti kwa kaunti kukiigiza mbele ya watahiniwa; waigizaji wetu wengi waliojitokeza baadaye kwenye televisheni walijifunzia kazi katika ziara hizo, wakisafiri kwa matatu na mapazia yao juu ya keria. Shule zilipofungwa Machi 2020, kazi hiyo ilikatika siku moja, na haikurudi kwa wanafunzi wote hadi Januari 2021. Ni waigizaji wangapi waliiacha sanaa kabisa katika miezi hiyo? Hatuwezi kujibu, kwa kuwa hatukuwa tumewaandika walipokuwa kazini.

Tarehe 18 Julai alifariki Charles Bukeko. Nikisema Bukeko huenda baadhi ya wasomaji wakasita. Nikisema Papa Shirandula hakuna atakayesita. Kipindi cha jina hilo katika televisheni ya Citizen, chenye bawabu anayeificha familia yake kazi anayoifanya mjini, kilikaa hewani kwa zaidi ya miaka kumi na kuwalea waigizaji wengi ambao mpaka leo huitwa barabarani kwa majina ya uigizaji: Awinja, Wilbroda, Otoyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Ojwang wa kipindi cha *Vitimbi*, ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyemwigiza Mluo kwa ustadi kiasi kwamba alipofariki mwaka 2015 wapo walioshangaa kusikia anazikwa wapi. Mtafiti wa miaka hamsini ijayo atakayemtafuta chini ya herufi O au herufi W lazima ampate, na kazi hiyo ya kuunganisha majina mawili ya mtu mmoja ni rahisi sasa, wakati wangali hai watu wanaokumbuka, kuliko itakavyokuwa baadaye. Waandishi wa miswada ya vipindi hivyo hata sikuwataja, kwa sababu kuwataja kunahitaji kwanza mtu kuwa amewaandika.

Utaniuliza, Mheshimiwa, habari hizi zitatoka wapi, na kwa bajeti gani. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa yake tayari imo mikononi mwa serikali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka anayeomba leseni ya kupiga filamu awasilishe maelezo kamili ya matukio na matini yote ya maneno yatakayosemwa. Kwa maneno mengine, kwa mujibu wa sheria, kila filamu iliyopata leseni nchini iliacha mswada wake katika ofisi ya umma. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inamtaka mchapishaji akabidhi nakala za kila kitabu kwa Msajili. Bodi ya Hakimiliki ina daftari la kazi zilizosajiliwa. Na Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, inakupa wewe mamlaka ya kukagua kumbukumbu za ofisi za umma na kuhamishia kwenye hifadhi zile zinazostahili kutunzwa. Baadhi ya sheria hizi zilitungwa na serikali iliyotaka kujua nani anasema nini ili imzuie. Hakuna kinachotukataza kuzitumia leo ili kujua nani alifanya nini tumkumbuke. Upungufu uliopo, hasa orodha za majina yanayopita mwishoni mwa filamu na majina ya wanamuziki wanaopiga ala studioni, unaweza kujazwa kwa fomu ya ukurasa mmoja inayotumwa kwa watayarishaji kila Januari.

Lipo jambo la uteuzi, na hapa nitasema bila kuzunguka. Kitabu hiki kisiwe orodha ya washindi. Tuzo za Kalasha za filamu na televisheni zipo, na mitandao ya kijamii inatosha kwa ubishi wa nani mkubwa. Kigezo kiwe kazi iliyofanyika na kutolewa kwa umma, basi, na hilo lijumuishe kazi ambazo bodi ya filamu ilizikataa. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018, na mwaka huohuo ikapigwa marufuku nyumbani, kabla ya Mahakama Kuu kuiruhusu kwa siku saba. Yeyote na awe na maoni yake kuhusu marufuku hiyo; walioshika kamera na kushona mavazi ya filamu hiyo walifanya kazi nchini Kenya na wanastahili kuandikwa. Kwa upande wa faragha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitakuwa kikwazo ikiwa kitabu kitajifunga kwenye jina, kazi na mwaka, bila nambari za simu wala makazi ya mtu.

Sisemi kwamba hakuna aliyejaribu. Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, imekusanya hapa Nairobi historia ya benga na miziki mingine kwa rekodi, filamu na vitabu, na ofisi yako ingefaidika sana kwa kuwasikiliza. Ila shirika linalotegemea wafadhili haliwezi kuahidi kuwa litakuwapo mwaka hadi mwaka, na kumbukumbu ya kila mwaka ikiruka miaka mitatu imeharibika. Kwa sasa anayetaka kujua kazi za Wakenya huishia kwenye ensaiklopidia za mtandaoni zinazohaririwa na wageni, ambako anayejulikana nje ana kurasa kumi na aliyejulikana Kakamega hana mstari.

Jumba lako, lililo ng'ambo ya sanamu ya Tom Mboya, lina mkusanyo wa Joseph Murumbi, mtu aliyekusanya vitabu, sanaa na hati za bara hili kabla serikali haijaona umuhimu wake, kisha serikali ikauchukua. Ninaomba safari hii serikali ianze yenyewe.

Mambo mawili ninayoomba yajibiwe kwa maandishi ni haya: kama ofisi yako iko tayari kuziandikia bodi ya filamu, bodi ya hakimiliki na Msajili wa Vitabu kuomba kumbukumbu zao za mwaka 2020, na kama kitabu hicho kinaweza kutolewa kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Nimeanza kuandaa orodha ya waandishi, wafasiri, wahariri na wachoraji wa vitabu vya Kiswahili vilivyotoka mwaka huo, na nitaikabidhi kwenye dawati la mapokezi bila malipo yoyote siku nitakayoambiwa niilete.

Wako mtiifu,
Mhariri wa vitabu, Nairobi